Wanaojilipia wenyewe kuongoza wageni: nini kimebadilika kwenye maeneo ya kihistoria ya Watakatifu wa Siku za Mwisho?

#1 Kibaraza_Unguja

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apitilize.

Kazi yangu ni kuongoza wageni Mji Mkongwe. Leseni ninayo, si papasi (wale wanaodandia wageni bila leseni). Kuna aina moja ya wageni ninaowapata mara kwa mara ambao wananipa mawazo: wazee wastaafu wa Kimarekani, mume na mke, ambao na wao wamewahi kufanya kazi kama yangu, ila hawakulipwa. Walijilipia pango, chakula na bima ya afya mwaka mzima au zaidi, ili wasimame mlangoni mwa nyumba ya mtu aliyekufa karne ya 19 na kumweleza kila anayeingia yaliyotokea pale.

Ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi tunawaita Wamormoni, ingawa tangu 2018 viongozi wao wanahimiza litumike jina kamili. Kanisa lilianza 1830 jimbo la New York, likapita Ohio, likafukuzwa Missouri, likajenga mji wake Nauvoo, Illinois, kando ya mto Mississippi. Mwanzilishi wake Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye bunduki ndani ya jela ya Carthage tarehe 27 Juni 1844, na baadaye waumini wengi wakahamia bonde la Salt Lake. Kila kituo cha safari ile leo ni sehemu ya kihistoria. Kiingilio hakuna, na anayekupokea ni mmisionari wa kujitolea.

Sasa mfumo huu umeguswa sana ndani ya miaka kumi na ushee. Umri wa mabinti umeshushwa mara mbili. Maigizo makubwa ya majira ya joto yamefutwa karibu yote. Korona ilifunga milango, ziara zikahamia kwenye simu. Na 2024 kanisa likanunua hekalu la Kirtland, Ohio, lililokuwa mikononi mwa kanisa jingine, waongozaji wakabadilishwa.

Hoja yangu ni hii, mnikosoe: kwenye maeneo haya anayesimulia historia ni yule anayemudu kujitolea. Ukigusa masharti ya kujitolea, umegusa hadithi yenyewe. Watu wanadhani hizo ni taratibu za utumishi tu. Mimi naona ni kuamua nani ashike kipaza sauti.

Hata asili yake inaonyesha hivyo. Mwaka 1902 kanisa liliweka kibanda cha pembe nane ndani ya uwanja wa hekalu Salt Lake City, kama ofisi ya habari. Treni zilikuwa zinashusha watalii wengi, na waliokuwa wakiwadaka mjini walikuwa wanawapiga kamba kuhusu Wamormoni na wake zao wengi. Kanisa likaona bora wageni tuwapokee wenyewe, bure, na maelezo tutoe sisi. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu, maana wa kwetu wa bandarini nawafahamu.

#2 Mtoto_wa_Kaliua

Naweka kambi hapa.

#3 NyundoKavu

Mleta mada, kwa lugha nyepesi ni hivi: kanisa lenye utajiri wa kutisha linafanyisha watu kazi bure na wao ndio wanalipa. Sisi tukifanya hivyo tunaitwa wanyonyaji, wao wanaita huduma. Wenye kampuni za utalii Arusha wakijua siri hii tumekwisha.

#4 Dada_wa_Kigingi

NyundoKavu, mimi ni muumini, niko Nairobi, na nimewahi kutumikia misheni, kwa hiyo naongea kutoka ndani. Swali lako ni halali lakini umechanganya makundi mawili.

Kuna vijana na kuna wazee. Kijana hachagui aendako. Anajaza fomu, barua ya wito inakuja, anaenda alikopangiwa: wavulana miezi 24, mabinti miezi 18. Mchango wa kila mwezi kwa wanaotoka nchi kama Marekani ulikuwa dola 400 kwa miaka mingi, ukapanda kuwa 500 Julai 2020. Huku kwetu watu huchangia kadiri ya uwezo, mfuko wa misheni wa kanisa unajazia. Hakuna anayeachwa kwa sababu baba yake ni mkulima.

Wazee ni habari nyingine. Wanandoa wanaweza kuomba wanachopenda na kutaja mahali, ingawa neno la mwisho ni la viongozi. Mwaka 2011 masharti yao yalilegezwa: wakaruhusiwa miezi 6, 12, 18 au 23, na gharama ya nyumba ikawekewa kikomo cha dola 1,400 kwa mwezi, kinachozidi kanisa linabeba. Kwa nini? Kwa sababu wazee hawakuwa wanatosha. Sehemu kama Nauvoo haiendi bila wao. Fikiria mji mzima wenye nyumba na karakana nyingi zilizorudishwa kama zilivyokuwa miaka ya 1840, na kila mlango unahitaji mtu.

Kuhusu umri, Oktoba 2012 mabinti walishushwa kutoka miaka 21 hadi 19, wavulana kutoka 19 hadi 18. Idadi ya wamisionari ilifumuka. Kutoka karibu 58,000 ikapita 80,000 ndani ya muda mfupi sana, na mabinti ndio walioongezeka kwa kasi zaidi. Halafu Novemba 2025 Urais wa Kwanza, yaani viongozi wetu wa juu kabisa, ukashusha tena, sasa mabinti nao wanaanza na miaka 18. Hili linagusa moja kwa moja maeneo ya kihistoria, kwa sababu vijana wanaopangwa huko tangu zamani ni mabinti. Mvulana kule ni nadra.

#5 Kibaraza_Unguja

Dada, asante, hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Binti wa miaka 21 mara nyingi ameshasoma chuo miaka miwili mitatu. Wa 18 ametoka sekondari juzi. Wote wanaweza kukariri maelezo ya ukumbini, ila mgeni akiuliza swali lenye mwiba, kwa mfano Joseph Smith alioa wanawake wangapi, au kwa nini walifukuzwa Missouri, yupi atamudu? Mimi kazini swali gumu ndilo linalonipambanua na mwenye karatasi ya kukariri. Pale kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa kuanzia 1873 palipokuwa soko la watumwa, mgeni akiniuliza "Waarabu peke yao ndio waliouza watu?", nikibabaika tu nimeumbuka.

#6 Dada_wa_Kigingi

Kweli, lakini usidharau miaka 18. Na kitu kimoja ambacho huenda wageni wako hawakukwambia: miaka hii kanisa lenyewe limefungua sana historia yake. Makala rasmi kuhusu wake wengi wa Joseph Smith zipo kwenye tovuti ya kanisa tangu 2014. Zamani mmisionari wa eneo la kihistoria angekwepa. Siku hizi anaweza kukuelekeza ukasome. Kama atajibu vizuri papo hapo, hiyo inategemea mtu.

#7 Furaha_SLC

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Salt Lake City tangu familia yetu ilipotoka kambi ya Nyarugusu. Hapa tuko wengi, wa Kivu, Warundi, na hata ibada ya Kiswahili ipo.

Mimi si muumini wao, ila Temple Square, ule uwanja wa hekalu aliousema Kibaraza, napita kila siku nikienda kazini. Tangu 1995 pale ni misheni kamili inayojitegemea, na vijana wake ni mabinti watupu, wakisaidiwa na wanandoa wazee. Kila binti amevaa kitambulisho cheusi chenye jina lake, na pembeni ana kibendera cha nchi yake. Unaona Brazili, Korea, Ufilipino. Siku moja niliona cha Kenya, nikasimama nikamsalimia "habari ya leo dada", akaruka kama aliyeitwa na mama yake. Tukaongea nusu saa, na hakuniongoza popote. Aliniambia wao huwa wanatolewa pale kwa miezi kadhaa katikati ya utumishi wao, wanapelekwa misheni ya kawaida sehemu nyingine ya Marekani kubisha hodi milangoni, kisha wanarudishwa.

Sasa mkitaka kujua mabadiliko, njooni muone vumbi. Hekalu lile walilijenga miaka 40, 1853 hadi 1893. Mwisho wa Desemba 2019 lilifungwa ili liwekewe msingi mpya wa kuhimili tetemeko. Nadhani shetani alisikia, maana tarehe 18 Machi 2020 tetemeko la 5.7 likapiga kweli, na sanamu ya malaika Moroni juu ya mnara ikadondosha tarumbeta yake. Wakati huohuo korona. Wamisionari waliokuwa nchi za nje kwa maelfu wakarudishwa makwao, vituo vya wageni vikafungwa. Kituo cha wageni cha kusini kilibomolewa kabisa. Mabinti waliobaki wakawa wanaongoza wageni kwenye vidio, mtu yuko Manila au Lagos, binti anatembea na simu.

#8 Mzee_wa_Igoma

Furaha hapo kwa shetani umenichekesha. Sasa hilo hekalu limefunguliwa?

#9 Furaha_SLC

Bado mzee wangu. Wametangaza kwamba watu wote, hata sisi tusio waumini, tutaruhusiwa kuingia kuanzia Aprili hadi Oktoba 2027. Baada ya hapo likishawekwa wakfu upya wanaingia wao tu. Wanatarajia mamilioni ya watu, kwa hiyo watahitaji jeshi la kujitolea. Majirani zangu wazee wameshaanza kuulizana nani ataenda zamu gani.

#10 Mbongo_Ohio

Nimeona Kirtland imetajwa, nimeshindwa kunyamaza. Naishi karibu na Cleveland, ni mwendo mfupi kwa gari, na nimeingia hekalu lile kabla na baada ya kuuzwa. Kibaraza, mfano wako bora uko hapa, wala usihangaike na Temple Square.

Historia kwa kifupi. Hekalu la Kirtland liliwekwa wakfu tarehe 27 Machi 1836, ndilo la kwanza walilojenga. Joseph Smith alipouawa wafuasi waligawanyika. Wengi walimfuata Brigham Young kwenda Utah. Wengine walibaki na baadaye wakamfuata mwanawe, na kanisa lao leo linaitwa Community of Christ, makao yake Independence, Missouri. Hekalu la Kirtland likabaki kwa hawa wa pili kwa zaidi ya miaka mia. Machi 2024 likatangazwa limeuzwa kwa kanisa la Utah, pamoja na nyumba za Smith kule Nauvoo, duka lake la matofali mekundu, hati za zamani, mpaka mlango wa jela ya Liberty alikofungwa. Jumla dola milioni 192.5. Tarehe 25 mwezi huohuo milango ikafunguliwa tena, bure, wakiongoza wamisionari. Zamani kulikuwa na kiingilio kidogo cha kutunza jengo.

Jengo ni lilelile. Ukumbi wa chini una mimbari upande wa magharibi na upande wa mashariki, zimepangwa kama ngazi, na viti vimetengenezwa ili mtu aweze kugeuka akae akitazama upande wowote. Mara ya kwanza mwongozaji wa Community of Christ alitupeleka pale mbele akaeleza ujenzi, umaskini wa waumini, madeni, na benki yao iliyoanguka 1837. Maono ya Aprili 1836 aliyataja kama jambo ambalo Joseph Smith na msaidizi wake Oliver Cowdery walisimulia, kisha akasonga mbele. Na ana sababu: kwenye kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, ile sehemu ya 110 inayoyasimulia haimo.

Mara ya pili tulikuwa na wanandoa wazee, wamisionari wa Utah. Tulipofika kwenye mimbari zilezile walinyamaza kwanza. Halafu mama akasoma sehemu ya 110, kwamba Kristo alitokea hapa, kisha Musa, Elia na wengine wakakabidhi funguo, na akatuambia kwa sauti inayotetemeka kwamba yeye anajua ni kweli. Wageni wawili walilia. Benki haikutajwa hadi mimi nilipouliza, na mzee alinijibu vizuri tu, bila kukasirika.

Sisemi nani bora. Lakini mtu aliyeingia 2023 na aliyeingia 2025 wameona jengo moja na wameondoka na hadithi mbili.

#11 NyundoKavu

Kwa hiyo milioni 192 ndiyo bei ya hadithi. Nimeelewa sasa.

#12 Mbongo_Ohio

Community of Christ nao walikuwa na hali ngumu ya fedha, tusisahau. Jengo la 1836 lina paa, lina mbao, lina msimu wa baridi wa Ohio. Kanisa dogo haliwezi kulitunza kwa imani peke yake. Niliwaonea huruma waongozaji wao wa zamani, maana wengine walikuwa wamelizoea jengo lile kuliko nyumba zao.

#13 BintiKaole

Naingia kidogo na la kwetu Bagamoyo. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza 1868, makumbusho iko kwenye nyumba ya zamani ya masista, na mwili wa Livingstone ulipita pale Februari 1874. Kwetu anayekuongoza ni kijana wa mjini, anategemea kiingilio na unachompa mkononi. Akijua mgeni ni Mkatoliki anavutia kwa mapadre, akijua ni Mwingereza anavutia kwa Livingstone, akiwa Mmarekani mweusi basi ni minyororo mwanzo mwisho. Kibaraza unamsema anayelipia ili asimulie, na anayelipwa ili asimulie je?

#14 Kibaraza_Unguja

BintiKaole umenipiga pale panapouma, na ni kweli. Bakshishi nayo ina mkono wake kwenye hadithi. Wale wazee wa Utah wakipewa bakshishi wanakataa. Kwa hiyo mzee kama huyo, mgeni akichukia, hapotezi kitu. Anaweza kusema "hapa ndipo imani yangu ilipo" na mgeni akaondoka amenuna, kesho atakuja mwingine. Mimi siwezi. Lakini pia mimi nikikosea jina la sultani, mgeni ataandika mtandaoni na wiki ijayo sina kazi. Yeye nani atamfukuza? Amejitolea, unamwonea aibu kumrekebisha.

Mtu aliyenivutia zaidi katika historia hii yote ni Willard Bean. Huyu alikuwa bondia. Kanisa lilinunua shamba la Smith pale Palmyra, New York, 1907, na 1915 likampeleka Bean na mkewe Rebecca wakakae, maana hakukuwa na muumini hata mmoja mjini na watu walikuwa na chuki. Waliambiwa miaka mitano au zaidi. Walikaa mpaka 1939. Inasimuliwa kuwa siku moja mtu alimmwagia maji kwa mpira wa bustani akamkejeli kwamba si ninyi mnaamini ubatizo wa kuzamisha, Bean akaruka uzio akamjibu kwamba tunaamini pia kuwekea watu mikono. Huyo ndiye mmisionari wa eneo la kihistoria wa zamani: alilima lile shamba, watoto wake walisoma shule ya pale, aligombana na majirani mpaka wakazoeana, na alisaidia kanisa kuupata 1928 mlima Cumorah, ambako Smith alisema alipata mabamba ya Kitabu cha Mormoni, msahafu wao. Leo mzee anakaa miezi 12 au 18, akianza kuzoea barabara muda umeisha, anakuja mwingine wa kufundishwa upya. Kama ni mabadiliko, hili kwangu ni kubwa kuliko umri wa mabinti.

#15 Mzee_wa_Igoma

Na hayo maigizo yaliyofutwa ni yapi? Nilikuwa na rafiki aliyesoma Rochester miaka ya themanini, alinisimulia kuhusu mchezo mkubwa usiku mlimani, taa, moto, watu mamia, akaniambia hajawahi kuona kitu kama kile.

#16 Dada_wa_Kigingi

Mzee wangu, huo ndio wa Cumorah. Ulianza 1937 pale mlimani, kilomita chache kutoka Palmyra. Waigizaji walikuwa waumini wa kujitolea, familia nzima nzima, kama mia saba, wanatumia likizo yao, wanajilipia, wanashonewa mavazi ya Kitabu cha Mormoni, na wageni wanaingia bure. Oktoba 2018 viongozi walitoa tamko kwamba maonyesho makubwa ya namna hiyo hayahimizwi tena. Mkazo ukahamia nyumbani, wakati huohuo ibada ya Jumapili ikapunguzwa kutoka saa tatu hadi mbili kuanzia 2019. Cumorah walipewa hadi 2020 waage vizuri. Korona ikaja, wakaahirisha, halafu 2021 nayo ikafutwa. Kwa hiyo onyesho la mwisho lilikuwa 2019 bila watu kujua ni la mwisho. La Manti, Utah, nalo liliisha mwaka huohuo. Nauvoo na Mesa yalibaki.

Pale Cumorah baadaye jukwaa na majengo ya maigizo yameondolewa, miti imepandwa, mlima unarudishwa uwe kama ulivyokuwa enzi za Smith.

Kwa maoni yangu hapo tumepoteza. Ujana wangu wote nilisikia waumini wa Marekani wakisema "sisi tuliigiza Cumorah mwaka fulani". Ilikuwa njia ya mtu wa kawaida, mwenye wiki chache tu za likizo, kujitolea kwenye sehemu takatifu. Sasa ni ama mwaka mzima ama uwe mgeni.

#17 Mbongo_Ohio

Na wenyeji pia walipoteza. Vyama vya hisani vya pale, Lions, Rotary na wenzao, ndivyo vilivyokuwa vinauza chakula usiku wa maonyesho na kupata fedha za shughuli zao za mwaka. Wasio waumini hao.

#18 NyundoKavu

Subirini. Kwa hiyo maigizo yaliwaingizia wenyeji fedha, wakayafuta. Kirtland wenyeji walikuwa wanaongoza, wakawaondoa. Naanza kuona mtindo.

#19 Dada_wa_Kigingi

Hapana ndugu yangu, hapo unashona kanzu bila kupima. Wale wa Kirtland hawakuondolewa kwa kuwa ni wenyeji, jengo lilibadilisha mmiliki. Na Cumorah ilifutwa sambamba na Manti iliyoko Utah kwenyewe, kwa waumini watupu.

#20 Kibaraza_Unguja

Nyundo anatafuta njama, mimi natafuta namna kazi inavyofanyika. Nauvoo nieleze nilivyoelezwa na wageni wangu, maana pale ndipo mfumo umebaki na afya.

Nauvoo ilikuwa magofu. Hekalu lao lilichomwa 1848, kimbunga kikaangusha kuta 1850. Daktari mmoja wa Salt Lake, J. LeRoy Kimball, alinunua nyumba ya babu yake mkuu 1954 akitaka iwe ya likizo, akaikarabati, na wapita njia wakawa hawaishi kugonga waingie waone. 1962 ikaundwa taasisi ya kurudisha mji mzima. Hekalu likajengwa upya, likawekwa wakfu tarehe 27 Juni 2002, siku ileile aliyouawa Smith.

Mama niliyemwongoza alikuwa amevaa pete ya ajabu kidole cha mwisho, ya chuma, haing'ai. Nikadhani ni ya kabila fulani. Kumbe ni msumari wa kwato za farasi, umekunjwa ukawa duara. Mumewe alikuwa akisimama kwenye karakana ya mhunzi pale Nauvoo, amevaa aproni ya ngozi, anaonyesha wageni namna viatu vya farasi vilivyotengenezwa, na watoto wanapewa pete za misumari waondoke nazo. Jirani kuna banda la kufyatua matofali, nako unaondoka na kitofali kidogo. Yeye mama alikuwa upande wa kusokota kamba na kuoka mkate, gauni refu na kofia ya kitambaa katikati ya joto la Julai. Jioni wanavua aproni wanapanda jukwaani, wazee haohao, wanaimba na kuchekesha wageni. Mume alikuwa mhasibu maisha yake yote. Aliniambia alijifunza kufua chuma akiwa na miaka 67, kutoka kwa mmisionari aliyekuwa anamaliza muda wake, naye akamfundisha aliyempokea.

Majira ya joto wanaongezewa vijana waigizaji na wapiga tarumbeta, wanaofanyiwa usaili kwanza, wanakaa miezi michache, bendi yao inazunguka mji juu ya gari la farasi. Kwa hiyo Dada, ule mlango wa wenye muda mfupi haujafungwa wote, ila sasa unapita kwenye usaili.

Hapo nilielewa kwa nini ufundi unadumu kuliko maelezo. Mhunzi akikosea, chuma kinamwambia palepale. Mwenye kusimulia maono akikosea, nani amwambie?

#21 BintiKaole

Carthage je, palipouawa? Nako wanatabasamu na pete?

#22 Mbongo_Ohio

Carthage hapana. Jela ileile ya mawe, kanisa liliinunua 1903. Unapanda ngazi hadi chumba cha juu, mlango wa mbao bado una tundu la risasi. Nilipokwenda, waliotuongoza walisema maneno machache sana kisha wakatuacha. Hakuna aliyeuliza kitu.

#23 Mwalimu_Mstaafu_Kisii

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi na mke wangu ni waumini, pensheni yetu ni ya ualimu, watoto wote wameshaondoka nyumbani. Tungependa sana kutumikia, na ndoto ya mke wangu ni Palmyra. Je, watu kama sisi wanachukuliwa, au mambo haya ni ya wenye dola?

#24 Dada_wa_Kigingi

Mwalimu, shikamoo. Nikujibu bila kukupaka mafuta.

Wanachukuliwa, Waafrika wanandoa wapo wanaotumikia. Lakini wazee hujigharamia, ndiyo tofauti na vijana, na gharama za New York kwa pensheni ya mwalimu wa Kenya ni mlima. Ongeza bima ya afya na viza. Wengi wa kwetu hupangiwa humuhumu Afrika. Tangu hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025, nalo linahitaji wahudumu, na huko hamhitaji viza wala koti la baridi. Pia kuna misheni za huduma ambazo mtu analala kwake.

Ila ndoto ya mama usiizime. Fomu ina nafasi ya kuandika mnachopendelea, aandike Palmyra. Anzeni kwa askofu wa kata yenu, atawapa vipimo vya afya vya kujaza, na hivyo ndivyo huchukua muda mrefu kuliko yote. Meno msiyasahau. Watu wengi fomu zao hukwama kwa daktari wa meno.

#25 Mwalimu_Mstaafu_Kisii

Marahaba mwanangu. Meno tunayo machache, yatapimwa haraka.